Barabara ya Bombo

Saa kumi na moja alfajiri kituo cha Kawempe Mbogo kimekwisha amka. Teksi imewashwa, mlango wake wa ubavuni uko wazi, na kondakta amesimama nusu ndani nusu nje, noti amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, za elfu moja kwenye kidole chake, za elfu tano kwenye kidole chake. Teksi ya Kampala si gari dogo la kukodi. Ni basi dogo la abiria 14, lile ambalo Nairobi lingeitwa matatu na Dar es Salaam daladala: jeupe, lenye mkanda wa vimraba vya buluu kiunoni. Mwanamke mwenye kikapu cha nyanya anainama kuingia. Mwanafunzi anamfuata, kisha fundi aliyebeba mfuko wa zana. Kondakta anapaza sauti: “Kampala! Kampala!”

Anaita hivyo huku miguu yake iko ndani ya Kampala. Kawempe ni mojawapo ya tarafa tano za jiji hilo, pamoja na Kati, Makindye, Nakawa na Rubaga, na wakazi wake ni zaidi ya laki tatu. Hata hivyo, mtu wa Kawempe anayekwenda kwenye maduka ya katikati ya jiji, mwendo wa kilomita nane hivi, atakuambia anakwenda Kampala. Midomo ya watu imehifadhi jambo ambalo ramani imelisahau: mpaka mwaka 1968, Kawempe ilikuwa nje ya mji. Mwaka huo mipaka ikasogezwa, eneo la jiji likapanuka hadi kilomita za mraba zipatazo 195, na Mengo, Kawempe, Nakawa na vitongoji vingine vikaingizwa kwa mkupuo mmoja. Kwa sheria wakazi wa huko walikuwa wamehamia mjini bila kuondoka nyumbani. Namna ya kufika huko mjini kila asubuhi, hiyo walikuwa wamekwisha jitafutia wenyewe.

Njia za Buganda ni za kale kuliko gari. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipofika katika nchi ya Kabaka Mutesa mwaka 1862 alistaajabia barabara pana zilizonyooka, zikipanda kilima na kushuka bondeni bila kukwepa. Zote zilielekea kwenye lubiri, yaani jumba la Kabaka. Machifu walisimamia matengenezo yake, na raia walitoka kufyeka na kuziba mashimo kwa kazi ya pamoja inayoitwa bulungi bwansi, ambayo maana yake ni uzuri wa nchi. Kazi ngumu ilikuwa chini mabondeni, kwenye matope na mafunjo. Kampala ni vilima, na katikati ya vilima ni maji. Mwenye kupita Bwaise leo mvua ikinyesha atakubali kwamba suala hilo bado halijaisha.

Barabara ambayo Kawempe imejipanga kandokando yake ilipata umuhimu wake kwa sababu ya askari. Mwanajeshi Mwingereza Frederick Lugard alijenga ngome juu ya kilima cha Old Kampala mwishoni mwa mwaka 1890, na mwaka uliofuata alikwenda magharibi kuwachukua askari wa Kisudani waliobaki huko baada ya gavana wao, Emin Pasha, kuondoka. Watoto na wajukuu wao ndio Wanubi wa Uganda. Bombo, kaskazini mwa Kampala, zaidi ya kilomita 30, ikawa kambi kuu ya kikosi cha Uganda cha King's African Rifles. Amri za kambini zilitolewa kwa Kiswahili. Kwa hiyo njia inayotoka mjini, ikapita Wandegeya chini ya kilima cha Makerere, ikavuka bonde la Bwaise, ikapanda Kawempe na kuendelea hadi Kawanda, Matugga na Bombo, ikawa njia ya watu waliozoea kuamrishwa kwa lugha hii tunayoiandika hapa. Jambo hilo litarudi, na litarudi kwa uchungu.

Vyombo vya mwanzo vilikuwa mabega ya watu. Winston Churchill alipoitembelea Uganda mwaka 1907 alikwenda kutoka Entebbe hadi Kampala kwa gari la kukokotwa, mtu mmoja akivuta mbele na wengine wakisukuma nyuma, wakiimba njia nzima. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, lakini treni haikuingia Kampala moja kwa moja mpaka 1931. Zaidi ya vibarua 30,000 wa reli hiyo waliletwa kutoka India, nchi ambayo treni yake ya kwanza ya abiria iliondoka Bori Bunder, Bombay, kwenda Thane tarehe 16 Aprili 1853. Bombay ilikua ikifuata reli zake, na hata leo mamilioni ya wafanyakazi wa Mumbai huingia na kutoka mjini kila siku kwa treni, na mabasi ya jiji, yaliyoanza mwaka 1926, huwapokea stesheni. Mikono ileile ya Kihindi iliijenga reli ya Uganda, lakini kazi yake ikawa kubeba pamba na kahawa. Haikukusudiwa kumpeleka fundi kazini.

Na Kawempe haikuipata hata hiyo. Njia ya magharibi, iliyofika Kasese mwaka 1956, iliondokea upande mwingine wa jiji. Njia ya Gulu, ambayo kwa ramani ungedhani ingefuata barabara ya Bombo, ilizungukia Tororo, Soroti na Lira. Treni ya abiria wa mjini ilipoanza mwishoni mwa mwaka 2015 ilielekea Namanve, mashariki. Kawempe imelelewa na barabara peke yake.

Na mitaa iliyoota kandokando ya barabara hiyo ilianza na suala la ardhi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, na kutokana nao likatoka neno mailo. Ndani ya manispaa ya Kampala kulikuwa na wapimaji, viwanja na masharti ya ujenzi. Nje ya mpaka kulikuwa na wenye mailo waliokuwa tayari kumpa mgeni kibanja, yaani kipande cha ardhi, kwa malipo aliyoyaweza. Mpagazi, askari aliyestaafu, mhudumu wa hospitali ya Mulago, mpishi wa Makerere, wote waliweza kujenga nyumba ya udongo Kawempe au Bwaise na kutembea kwenda kazini. Walipopata nafuu walinunua baiskeli. Nyumba zilisongamana, vichochoro vikapinda kati ya ukuta na ukuta, na hakuna aliyeacha nafasi ya barabara. Anayejiuliza leo kwa nini teksi haziingii ndani ya mitaa ya Kawempe, kwa nini lazima ushukie barabara kuu kisha utafute bodaboda au utembee, jibu limelala hapo, katika mpaka uliokuwa ukitenganisha waliopangiwa na wasiopangiwa.

Basi lilikuwapo. Kampuni ya Uganda Transport Company, UTC, iliyokuwa mali ya wenye mtaji kutoka Uingereza, ilishika haki ya pekee ya kusafirisha abiria wa Kampala kwa miaka mingi. Basi lilikuwa na tiketi, namba na saa, na wazee wa mji bado wanalisifia. Lakini haki ya pekee ina tabia ya kuhudumia barabara zinazolipa na saa zinazolipa. Vitongoji vilivyo nje ya manispaa vilitegemea miguu, baiskeli na magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria kwa kujificha.

Kisha ukaja mwaka 1972.

Tarehe za mwanzo za Agosti Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wasiokuwa raia wana siku 90 za kuondoka, na mpaka Novemba makumi ya maelfu walikuwa wamekwenda, wengi wao wakiwa wazaliwa wa Uganda. Habari hiyo husimuliwa kwa kawaida kama habari ya maduka. Kwa msafiri ilikuwa habari ya spea. Waliokuwa wakiagiza fani belti, matairi na pistoni, wenye gereji, mafundi wa injini na wenye malori waliondoka katika msimu mmoja. Mabasi nayo yaliingia mikononi mwa serikali, na kila lililokufa lilivuliwa vifaa ili jingine liendelee kutembea. Waganda walibuni maneno ya zama hizo, na waliyachota kwenye Kiswahili. Waliogawiwa maduka na kutajirika ghafla waliitwa mafuta mingi. Biashara ya kila kitu kilichopatikana kwa mlango wa nyuma, kuanzia sukari hadi petroli, iliitwa magendo. Usafiri pia ukawa wa magendo. Mwenye Peugeot 404 iliyokuwa inawaka alikuwa na shirika zima la usafiri mkononi, naye alijaza watu mpaka milango ikafungwa kwa kusukumwa.

Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Ilikuwa lugha yake ya kambini tangu ujana, alipoingia King's African Rifles. Lakini raia wa Kampala walikuwa wamekwisha kuisikia ikitoka kwa mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani, na lugha haisafiki kwa tangazo. Utawala wake ulipoanguka Aprili 1979, Wanubi wengi wa Bombo walikimbia Uganda wakiogopa kulipiziwa kisasi kwa makosa ambayo wengi wao hawakuyatenda. Barabara iliyowaleta babu zao ikawa njia yao ya kukimbilia.

Yaliyofuata yaliifanya barabara ya Bombo kuwa barabara ya hofu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Milton Obote madarakani, Yoweri Museveni na wenzake waliingia msituni, wakaanza kwa kushambulia Kabamba tarehe 6 Februari 1981. Vita vikahamia Luweero, na njia ya Luweero ni hii hii. Msafiri aliyetoka Matugga kuja mjini alishushwa, akapangwa mstari, akatoa kitambulisho, akapekuliwa kikapu, akapanda, akashushwa tena mbele. Chombo cha usafiri kilikuwa kidogo na vizuizi vilikuwa vingi.

Mjini kwenyewe kulikuwa na jambo ambalo Mswahili wa pwani akilisikia hulidhania la kawaida. Waganda waliliita panda gari. Wanajeshi waliuzunguka mtaa alfajiri, wakagonga milango, wakawatoa wanaume kwa wanawake, vijana hasa, na kuwakalisha chini. Kisha ikaja amri kwa Kiswahili, maneno mawili: panda gari. Lori lilikuwa likisubiri. Waliopanda walipelekwa kambini kuchujwa kama ni waasi au la. Baadhi walirudi siku ileile, baadhi walirudi wakiwa na makovu, na wapo ambao ndugu zao wanawasubiri hadi leo. Kila lugha ina maneno ambayo historia imeyachafua. Dar es Salaam mama humwambia mwanawe apande gari asichelewe shule. Kwa mtu wa Kampala aliyekuwa mzima mwaka 1982, maneno hayohayo yanaweza kumkausha koo. Uamuzi wa baraza la mawaziri la Uganda wa Julai 2022, kukifanya Kiswahili lugha rasmi na kukifundisha shuleni, unapaswa kukumbukwa pamoja na malori hayo. Watoto wa Kawempe wanaosoma ngeli leo wanajifunza lugha ambayo babu zao waliisikia nje ya mlango, gizani.

National Resistance Army, jeshi la Museveni, ilipoiteka Kampala tarehe 26 Januari 1986, mji ulikuwa umechoka na basi lilikuwa karibu kufa. Pengo hilo lilizibwa na watu wenyewe, mmoja mmoja. Mwalimu aliyekusanya akiba, mjane aliyeuza kipande cha ardhi, ndugu watatu waliochangiana: walinunua Toyota HiAce iliyokwisha tumika Japani, ikashushwa Mombasa, ikaendeshwa hadi Kampala. Mwaka huohuo wa 1986 wenye teksi na madereva waliunda chama chao, Uganda Taxi Operators and Drivers Association, kifupi UTODA, ambacho kwa muda wa robo karne kiliendesha paaka, yaani vituo vikuu vya mjini, kikikusanya fedha, kikipanga foleni na kuamua nani apakie wapi. Teksi nazo zikapata jina la mtaani: kamunye. Ni jina la Kiganda la mwewe. Aliyewahi kuona mwewe akishuka kudaka kifaranga kisha akaona teksi ya Bwaise ikikata kutoka njia ya kulia kwenda kudaka abiria mmoja aliyeinua kidole ukingoni, hahitaji maelezo.

Kuna elimu nzima ndani ya kamunye. Siti ya mbele hugombewa kwa sababu huhitaji kuinuka kila mtu akishuka. Siti ya nyuma kabisa hubeba wanne waliokusudiwa kuwa watatu. Paaka, wapo wanaolipwa kukaa ndani wakijifanya abiria, ili gari lionekane limekaribia kujaa. Wewe ukiingia, wao wanashuka mmoja mmoja, na nusu saa inapita hapo hapo. Ukikaribia unakoshukia husemi kituo. Unasema kwa sauti ya kutosha, “Mu maaso awo, ssebo,” yaani pale mbele, bwana, na dereva anatafuta upenyo. Nauli haina bango. Mvua ikinyesha inapanda, sikukuu ikikaribia inapanda, na mvua ikikatika saa kumi na mbili jioni wakati Bwaise imejaa maji, mtu anaweza kuamua kuifuata barabara kwa miguu hadi nyumbani.

Teksi hukaa barabara kuu. Ndani ya vichochoro mwenye nchi ni bodaboda, naye hakuzaliwa Kampala. Alizaliwa mpakani, Busia na Malaba, miaka ya 1960. Kati ya kizuizi cha Kenya na kizuizi cha Uganda kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho gari lisilo na karatasi halikuruhusiwa kukivuka. Vijana wenye baiskeli waliweka mto nyuma ya tandiko, wakawavusha watu na mizigo yao, wakinadi kwa Kiingereza cha mpakani: boda, boda, mpaka hadi mpaka. Kazi hiyo ilipofika Kampala, vilima viliishinda baiskeli, na kufikia miaka ya 1990 pikipiki ilikuwa imechukua nafasi. Nyingi za sasa ni Bajaj Boxer na TVS, zote chapa za viwanda vya India. Hivyo nchi ileile iliyotoa mikono ya kujenga reli ya Uganda ndiyo inayotoa chuma kinachopanda vilima vya Kampala, ingawa mkopo wa kukinunua ni mzigo wa kijana wa Kawempe mwenyewe. Mojawapo ya kampuni za kwanza kuwakopesha waendeshaji pikipiki mpaka wakazimiliki inaitwa Tugende, na Mswahili hahitaji kamusi: ni twende.

Kijana huyo ana siteji yake, yaani kituo chake, chini ya mwembe au kwenye kona ya duka la dawa, na siteji ina mwenyekiti, ada ya kujiunga na zamu. Hukutani naye kama mgeni. Anajua nyumba ya nani ina mgonjwa, nani hulipa Ijumaa. “Ssebo, Mulago meka?” anauliza mteja; kiasi gani? Bei inatajwa, inapunguzwa, kitambaa kinafutwa juu ya siti. Mwanamke aliyevaa gomesi hukaa upande, miguu yote kushoto, mkono mmoja begani mwa dereva, mwingine ukishika mkanda mkubwa wa kiunoni usifunguke. Na vazi hilo lenyewe, ambalo leo hakuna arusi ya Buganda bila yake, lilipata jina kutokana na Gomes, fundi cherehani kutoka Goa. Mtu akitafuta alama za India mjini Kampala, na atazame pikipiki hiyo na aliyepanda nyuma yake.

Wodi za majeruhi za Mulago zinaeleza upande mwingine. Mifupa ya paja, mifupa ya mguu, vichwa visivyokuwa na kofia ngumu. Kwa miaka mingi ajali za bodaboda zimekuwa sehemu kubwa ya kazi ya madaktari wa mifupa huko. Aliyekaa kwenye benchi la nje ya wodi hizo akisubiri jina la nduguye liitwe hawezi kuisifia bodaboda bila kusita. Wala hawezi kuilaani, kwa sababu mara nyingi ni bodaboda nyingine iliyomleta hapo majeruhi.

Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005, barabara ya Bombo ilipata mgeni mpya: malori ya Juba, yenye saruji, bia na unga, yakikokota mlima wa Kawempe usiku na mchana kuelekea Gulu na Nimule. Mwaka 2009 ikafunguliwa barabara ya mzunguko ya kaskazini, kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Ilipita Kalerwe na Bwaise, katikati ya bonde la mafunjo. Mwenye gari la kutoka Jinja kwenda Masaka sasa hakulazimika kuingia mjini. Mkazi wa Bwaise alipata mengine: barabara juu ya tuta mbele ya nyumba yake, na mvua kubwa ikija, mfereji wa Nsooba na Lubigi ukifurika, maji kwenye godoro. Mfereji ulipanuliwa baadaye na makutano ya Bwaise yakatengenezwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na hali imepata ahueni. Watoto hapo bado wanajua ni mawe yapi ya kukanyaga.

Katika historia hii yote kutembea hakukuwahi kuwa kosa, mpaka Aprili 2011. Petroli ilipanda, nauli ikapanda, chakula kikapanda, na kundi la Activists for Change likawaita watu watembee kwenda kazini kuanzia tarehe 11 mwezi huo. Kizza Besigye, mgombea urais aliyeshindwa miezi miwili kabla, alitoka nyumbani kwake Kasangati kwa miguu na akakamatwa. Alikamatwa tena na tena. Kalerwe ilijaa moshi wa machozi, matairi yakachomwa, na tarehe 28 Aprili, karibu na mzunguko wa Mulago, vyombo vya habari vilionyesha askari wakivunja kioo cha gari lake na kumpulizia pilipili machoni kwa karibu. Maelfu ya watu wa Kawempe walikuwa wakitembea kwenda kazini kabla ya siku hiyo na waliendelea kutembea baadaye. Maandamano hayo yaliwafanya waonekane kwa wiki chache.

Mwaka huohuo jiji lilipata mamlaka mpya, Kampala Capital City Authority, na mkurugenzi wake wa kwanza, Jennifer Musisi. UTODA iliondolewa paaka, na kila teksi ikatakiwa kulipa jiji shilingi 120,000 kwa mwezi. Machi 2012 mabasi makubwa ya Pioneer Easy Bus yalianza kazi, yapatayo 100, na watu walipanga foleni kuyapanda kwa furaha ya dhati. Kabla ya mwaka 2013 kwisha yalikuwa yamesimamishwa kwa deni la kodi. Dar es Salaam ilianzisha mabasi yake ya mwendokasi Mei 2016; Kampala bado inangoja yake.

Ubunifu uliodumu ulitoka chini. SafeBoda, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilimvika mwendeshaji fulana na kofia ya rangi ya chungwa, ikampa abiria kofia ngumu ya pili, na ikaiweka bei kwenye simu kabla safari haijaanza. Na Makerere, chuo ambacho kilima chake kiko ndani ya tarafa ya Kawempe, ndiko wahandisi walikotengeneza Kiira EV, gari la umeme lililoonyeshwa mwaka 2011, na kazi hiyo ikazaa basi la Kayoola linalosaidiwa na nishati ya jua, lililozinduliwa mwaka 2016. Siku hizi bodaboda za umeme zinapita chini ya kilima hichohicho bila mlio, na mwendeshaji hubadilisha betri kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai.

Mwaka huo wa 2016 hospitali mpya ilifunguliwa kando ya barabara ya Bombo, na huduma za uzazi kutoka Mulago zikahamia kwa wingi Kawempe. Tangu hapo ni miongoni mwa mahali Uganda inapozaliwa kwa wingi zaidi, na lango lake ni siteji isiyolala.

Kisha siku moja siteji ikalala. Tarehe 25 Machi 2020 Rais Museveni alisimamisha usafiri wa umma kwa sababu ya korona, na siku tano baadaye magari binafsi. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu. Mwenye mgonjwa alipaswa kupata ruhusa ya mkuu wa wilaya, usiku, bila gari la kumfikisha kwa huyo mkuu. Wajawazito walitembea. Wengine walitembea kutoka Matugga, wakipumzika kila uchungu ulipobana, mkono ukutani, dada au mama mkwe akibeba beseni na nguo za mtoto. Kuna waliojifungulia njiani, na kuna ambao hawakufika. Mwezi Aprili rais alitangaza kwamba wajawazito hawahitaji tena kibali, lakini ruhusa bila chombo haimfikishi mtu hospitali. Baiskeli za mzee wa nyumba zilitolewa stoo, zikatiwa upepo, zikarudi barabarani ambako hazikuonekana kwa kizazi kizima. Teksi zilirejea tarehe 4 Juni zikiwa na nusu ya abiria. Bodaboda zilirudishiwa watu wao tarehe 27 Julai, miezi minne baada ya kunyang'anywa, na hata hapo hazikuruhusiwa kubeba abiria jioni. Juni 2021 mji ulifungwa tena kwa siku 42.

Leo langoni pa hospitali hiyo, saa mbili asubuhi, bibi aliyevaa gomesi anatoka na kichanga kilichofunikwa blanketi hata pua haionekani. Mama wa mtoto anamfuata polepole, akishika tumbo. Vijana wa bodaboda wanasogea, mmoja anamwita bibi jjajja kwa heshima, anataja bei nzuri. Bibi anamtazama mtoto, anatazama pikipiki, anatikisa kichwa. Teksi ya kwenda juu, upande wa Matugga, inapunguza mwendo. Kondakta anaruka chini kabla haijasimama, anamwomba mwanamume wa siti ya mbele ahamie nyuma, na mwanamume anahama bila neno. Bibi anampandisha mama kwanza, kisha anampa mtoto, kisha anapanda yeye. Safari ni fupi. Kabla ya Maganjo anaegemea mbele na kusema kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto: “Mu maaso awo, ssebo.”